Kufundisha Somo la Jiko: Kuni, Mkaa na Moshi katika Shule za Mjini

Mwanachuo anayepangiwa mazoezi ya kufundisha katika shule za Kariakoo, Gerezani au Mchikichini hukuta darasa lenye watoto wengi na kabati la zana lenye vitu vichache. Maabara hakuna, na mizani, kama ipo, imevunjika mkono. Hata hivyo kipo chombo kimoja cha sayansi ambacho watoto wengi wa mitaa hiyo wamekwisha kukishika kwa mikono yao kabla kengele ya asubuhi haijalia. Chombo hicho ni jiko. Mtoto wa darasa la nne anajua kuwasha mkaa, kupepea, kuchochea kuni na kukwepa moshi. Asichokijua ni kwa nini mambo huwa vile yanavyokuwa, na hapo ndipo pana kazi ya mwalimu.

Makala haya yamekusudiwa kumsaidia mwalimu mtarajiwa kuandaa masomo matatu au manne juu ya jiko, kwa madarasa ya tano hadi ya saba. Hayatoi andalio la somo lililokamilika, kwa sababu andalio la kunakili halimfai mtu. Yanaeleza mambo ambayo mwalimu hana budi kuyaelewa kwanza yeye mwenyewe, na njia chache za kuyaonyesha mbele ya darasa kwa gharama ndogo.

Huenda mwanachuo akauliza kama somo hili lina maana katika siku hizi. Mwaka 2024 serikali ilizindua Mkakati wa Taifa wa Nishati Safi ya Kupikia wa 2024 hadi 2034, unaolenga kuwa asilimia 80 ya Watanzania watumie nishati safi ya kupikia ifikapo 2034. Taasisi zinazolisha watu zaidi ya 100 kwa siku nazo zimeagizwa ziache kuni na mkaa. Nia hiyo ni njema, na mwalimu aiunge mkono. Lakini ingieni uani katika nyumba yoyote ya Kiswahili iliyosalia Kariakoo, ile yenye ukumbi katikati na vyumba pande mbili, kila chumba na familia yake. Mtaona mtungi wa gesi kando ya jiko la mkaa. Gesi ni ya chai na ya mambo ya haraka. Maharage hupikwa kwa mkaa, na mtungi ukiisha katikati ya mwezi kila kitu hurudi kwenye mkaa. Mama lishe aliye kwenye kibaraza naye hupiga hesabu hiyo hiyo. Basi mtoto ataishi na majiko yote mawili kwa miaka mingi, na ni wajibu wetu kumfundisha kulitumia vizuri hilo ambalo litakuwa mbele yake leo jioni.

Jambo lenyewe si dogo. Shirika la Afya Duniani limekadiria kuwa moshi wa majumbani utokanao na kupikia ulisababisha vifo vya watu milioni 3.2 duniani katika mwaka 2020, na miongoni mwao watoto wa chini ya miaka mitano walikuwa zaidi ya 237,000. Wengi wa watoto hao huuawa na maradhi ya mapafu. Mtoto aliyebebwa mgongoni na mama yake jikoni huvuta hewa ile ile anayoivuta mama, na mapafu yake ni machanga.

Maarifa ya mwalimu

Kosa linaloonekana mara nyingi katika masomo ya moto ni kuanza na sentensi ya kukariri: moto huhitaji vitu vitatu, yaani kitu cha kuungua, hewa na joto. Sentensi hiyo ni ya kweli. Mwalimu huiandika ubaoni, hufunika mshumaa kwa bilauri, mshumaa huzimika, watoto hupiga makofi na somo hukoma. Lakini mtoto akirudi nyumbani hawezi kueleza kwa nini jiko la mama linatoa moshi na la jirani halitoi, ingawa yote mawili yana hewa, kuni na joto. Sentensi ile haijamfikisha popote.

Afadhali kuanza na moshi. Watoto, na watu wazima pia, hudhani kuwa moshi ni uchafu wa moto, kama jivu. Kwa kweli moshi wa kuni ni kuni ambazo hazijaungua. Kuni zikipata joto hazishiki moto moja kwa moja. Kwanza maji yaliyomo hugeuka mvuke na kutoka. Kisha mti wenyewe huanza kuvunjikavunjika na kutoa gesi nyingi na matone madogo mno ya lami. Katika kuni kavu, sehemu kubwa zaidi ya uzito wake, kiasi cha robo tatu na zaidi, hutoka kwa njia hii. Ndimi za moto tunazoziona ni gesi hizo zinazoungua hewani. Kinachobaki baada ya gesi kwisha ni mkaa, nao huwaka mwekundu, bila ndimi ndefu.

Basi gesi zikikutana na hewa ya kutosha mahali penye joto kali, huungua zote, na joto lake huenda kwenye sufuria. Zikikosa hewa, au zikipoa kabla hazijaungua, hupaa kama moshi, hushika kitako cha sufuria kama masizi na lami, huingia machoni na mapafuni. Kwa hiyo mpishi anayelia kwa moshi anapoteza kuni na afya kwa pamoja. Mwanafunzi akilielewa hili, mengine yote yaliyomo katika somo la jiko yatafuata yenyewe.

Lipo onyesho moja dogo linaloithibitisha kanuni hii, nami naliona bora kuliko lile la bilauri. Funga madirisha ili upepo usipite. Washa mshumaa, uache uwake dakika moja au mbili, kisha uuzime kwa kuupuliza taratibu. Uzi wa moshi mweupe utapanda kutoka kwenye utambi. Upesi, leta kiberiti kinachowaka ndani ya uzi ule wa moshi, sentimita mbili au tatu juu ya utambi, bila kuugusa. Moto utaruka na kushuka kwa kufuata moshi mpaka kwenye utambi, na mshumaa utawaka tena. Jaribu mara kadhaa peke yako kabla ya kipindi, maana mkono hauna budi kuwa mwepesi. Kisha mazungumzo na darasa yanaweza kwenda hivi:

Mwalimu: Moshi ule ni nini?
Mwanafunzi: Ni uchafu wa moto, mwalimu.
Mwalimu: Kama ni uchafu, mbona umewaka?

Hapo nyamaza. Waachie dakika nzima wabishane wao kwa wao. Mwalimu mwanafunzi mara nyingi huogopa ukimya wa darasa na kujibu swali lake mwenyewe. Hii ni nafasi ya kujizoeza kungoja.

Kuni

Wakaao katikati ya mji hawakati kuni msituni. Kuni za Kariakoo ni za kununua kwa mafungu, au ni mabaki ya mbao kutoka kwa maseremala wa Keko na kwingineko. Hapa pana onyo ambalo vitabu vilivyoandikwa kwa ajili ya vijijini havilitaji: mbao zilizopakwa rangi au vanishi, au zilizotiwa dawa ya mchwa, si kuni. Moshi wake una sumu, na jivu lake pia. Vivyo hivyo mbao za kubandikwa kwa gundi. Wape watoto vipande mbalimbali wavichague katika mafungu mawili, vya kuchoma na visivyochomwa. Hilo ni zoezi zuri la robo saa, na zana zake hupatikana bure.

Jambo la pili ni ukavu. Kilo moja ya kuni mbichi yaweza kuwa na nusu kilo ya maji. Maji hayo lazima yageuke mvuke kwanza, na kazi hiyo hula kiasi cha sehemu moja ya saba ya joto lote ambalo ile nusu kilo ya kuni halisi ingeweza kulitoa. Hata hivyo hasara kubwa zaidi si hiyo. Mvuke huupoza moto, na moto uliopoa hauwezi kuziunguza gesi. Zinatoka zikiwa moshi. Ndiyo sababu kuni mbichi hutoa moshi mwingi na joto dogo kwa pamoja. Pima fungu la kuni mbichi kwenye mizani ya dukani, lipasueni, lianikeni juani mahali penye upepo, na mlipime kila Ijumaa. Watoto wachore grafu ya uzito kwa majuma manne au matano. Zoezi hili likianzishwa wakati wa masika halitaendelea vizuri, kwa hiyo lianze Juni au Julai.

Jambo la tatu ni namna ya kuzitia kuni jikoni. Wengi wetu tumezoea kulishindilia jiko mpaka mdomo ukajaa. Hewa haipiti, moto unasinzia, moshi unafuka, kisha mtu anainama na kupuliza. Kuni ziwe zimepasuliwa vipande vyembamba, kiasi cha unene wa kidole gumba hadi kifundo cha mkono wa mtoto. Ziachiane nafasi. Ziinuliwe kidogo juu ya sakafu ya jiko, kwa kipande cha tofali au cha nondo, ili hewa ipite chini yake na kuingia katikati ya moto. Ncha tu ndizo ziungue. Mpishi azisukume ndani polepole kadiri zinavyokwisha. Kupikia kukiisha, kuni zilizobaki zivutwe nje na kuzimwa kwa mchanga, zisiachwe zikafuka chini ya sufuria tupu.

Kwenye mafiga upepo hulichukua joto upande mmoja. Ukuta wa udongo ukijengwa kuyazunguka mafiga, ukaacha mlango wa kuni mbele na mwanya wa unene wa kidole kati yake na sufuria, joto hulazimika kupita karibu na ubavu wa sufuria kabla ya kutoroka. Darasa la sita linaweza kuujenga ukuta huo katika vipindi viwili vya kazi za mikono.

Mkaa

Sasa tuje kwenye mkaa, ambao ndio hasa moto wa Kariakoo. Mkaa huja kwa magunia kutoka mikoa ya Pwani, Morogoro na Tanga, na misitu iliyo karibu na jiji imeonja makali yake. Misitu ya Pugu na Kazimzumbwi, wilayani Kisarawe, ni mfano ulio mlangoni petu. Mkaa ni kuni zilizokwisha kutolewa maji na gesi katika tanuru. Kwa sababu hiyo hautoi moshi mwingi na watu wa mjini huupenda. Lakini watoto waelewe kuwa moshi haukutoweka. Uliachwa kule msituni, pamoja na zaidi ya nusu ya nguvu iliyokuwamo katika mti.

Majiko ya bati yaliyozoeleka mjini yametengenezwa kwa miaka mingi na mafundi bati wa Gerezani na mitaa ya jirani, kutokana na mapipa chakavu. Ni majiko mepesi na ya bei nafuu, nayo huwaka haraka. Ubaya wake ni kwamba bati hupitisha joto. Weka mkono, kwa mbali, ubavuni mwa jiko la bati linalowaka: joto unalolihisi ni la kuupasha uwanja. Majiko ya namna hii huingiza katika sufuria kiasi cha sehemu moja ya tano ya joto la mkaa, au pungufu.

Mapema katika miaka ya 1980, nchini Kenya, wataalamu na mafundi walilichukua wazo la majiko ya ndoo ya Thailand, yaliyowekwa udongo wa kuchomwa ndani, wakalifanyia marekebisho yapatane na sufuria na mikono ya huku kwetu. Jiko lililotokea lina kiuno chembamba, na nusu yake ya juu imewekwa bakuli la udongo lenye matundu. Mwishoni mwa miaka hiyo mradi kama huo ukaanzishwa Dar es Salaam, na jina la jiko bora likaenea masokoni. Udongo huzuia joto lisitoroke ubavuni, na hukaa na joto hata mkaa unapopungua. Jiko la namna hii likitengenezwa vizuri huweza kufikisha chunguni karibu theluthi moja ya joto.

Nasema likitengenezwa vizuri, kwa kuwa sokoni yapo majiko yaliyopakwa rangi nzuri, udongo wake ukiwa haukuchomwa vya kutosha. Nendeni na wanafunzi wachache mkaangalie. Gonga bakuli kwa ukucha: lililoiva hutoa mlio wa kigae, lisiloiva hutoa mlio mzito kama wa tope kavu. Jiko jipya liwashwe kwa moto mdogo mara mbili tatu kwanza, au bakuli litapasuka.

Namna ya kuliendesha jiko la mkaa ni fupi kueleza. Jivu la jana liondolewe lote, maana jivu likiziba matundu hewa haipandi. Kati ya makosa yote ya jikoni hili ni la kawaida kuliko yote, na ni rahisi kuliko yote kulirekebisha. Mkaa uvunjwe vipande vya ukubwa wa yai la kuku. Chenga zikitiwa nyingi huziba njia ya hewa. Mabonge makubwa nayo huchelewa kushika. Jiko liwashwe nje, mlango wake ukiangalia upande wa upepo, kwa vijiti vikavu au karatasi chache. Plastiki isitumike kamwe. Mifuko ya plastiki ya kubebea bidhaa ilipigwa marufuku tangu tarehe 1 Juni 2019, lakini chupa na vifungashio vingalipo, na watoto huvitumia kwa kuwa hushika moto upesi. Mafuta ya taa yasimwagwe juu ya makaa yenye moto hata kama yanaonekana yamezimika, kwa maana mvuke wake hulipuka usoni mwa anayemimina. Sufuria iwekwe pale mkaa wa juu unapoanza kuvaa jivu jeupe. Chakula kikichemka, mlango wa hewa ufungwe sehemu kubwa na sufuria ifunikwe. Maji yanayochemka kwa nguvu hayana joto zaidi ya yanayochemka polepole. Yanamaliza mkaa tu. Maharage yaliyolowekwa usiku kucha huiva kwa mkaa mchache sana kuliko yasiyolowekwa.

Kupima

Watoto wamezoea kuambiwa kwamba jiko fulani ni bora. Afadhali wapime. Chukueni majiko mawili, sufuria mbili zinazofanana na mizani ya dukani. Tieni lita 5 za maji katika kila sufuria. Pimeni mkaa kabla ya kuwasha. Maji yakianza kuchemka, mkaa uliobaki utolewe kwa koleo, utiwe katika kopo lenye mfuniko wa kubana mpaka uzimike, kisha upimwe. Usizimwe kwa maji, kwani maji yataongeza uzito na hesabu itaharibika.

Sasa kuna hesabu ambayo darasa la saba wataiweza. Kuipandisha lita moja ya maji kwa nyuzi moja ya sentigredi kwahitaji kilojuli 4.2. Maji ya bomba ya Dar es Salaam yana nyuzi 28 hivi. Kufika 100 ni nyuzi 72. Basi lita 5 zinahitaji 5 × 72 × 4.2, yaani kilojuli 1,512. Gramu moja ya mkaa mzuri mkavu hutoa kiasi cha kilojuli 30. Gawanya: zingetosha gramu 50 tu, laiti joto lote lingeingia katika maji. Tuseme darasa limepima na kukuta gramu 300 zimetumika. Basi 50 kwa 300 ni sehemu moja ya sita. Sehemu tano zimekwenda wapi? Swali hilo liandikwe ubaoni kwa herufi kubwa, na kila kikundi kilete jibu: ubavuni mwa jiko, juu ya sufuria isiyofunikwa, kwenye upepo, katika gesi iliyotoka bila kuungua, katika bati lililopata moto lenyewe. Kisha kila kikundi kibadilishe jambo moja tu, ama mfuniko, ama kuondoa jivu, ama kukinga upepo, na kupima upya. Kubadilisha jambo moja tu kwa wakati mmoja ndiyo adabu ya sayansi, na hapa mtoto huishika bila kuhubiriwa.

Somo la hesabu lina nafasi nyingine. Mkaa wa Kariakoo huuzwa kwa gunia, kwa debe, kwa sado na kwa kopo. Wanafunzi wapime uzito wa mkaa unaojaa kopo moja, watafute bei ya kilo moja, kisha walinganishe na bei ya kilo kwa anayenunua gunia zima. Watagundua wenyewe kwamba anayenunua kidogo kidogo hulipa zaidi kwa kila kilo, na watagundua pia kopo lililobonyezwa kitako. Mwalimu asishangae darasa likichangamka kuliko kawaida, maana hizo ni fedha za nyumbani kwao.

Moto usio na moshi

Jambo hili nimeliweka peke yake kwa sababu ndilo linaloua watu ghafla. Baada ya masomo haya mwanafunzi anaweza kuamini kuwa moto usio na moshi ni salama. Imani hiyo ni ya hatari.

Mkaa ukiungua kwa hewa ya kutosha hutoa hewa ya ukaa. Lakini hewa hiyo ikipita katikati ya makaa mekundu, hugeuka kuwa gesi nyingine, kaboni monoksidi. Miali midogo ya buluu inayocheza juu ya jiko lililokolea ni gesi hiyo inapoungua. Mlango wa jiko ukifungwa, au makaa yakianza kufifia, miali hutoweka. Gesi inaendelea kutoka. Haina rangi, haina harufu, haiwashi macho. Katika damu hushikamana na chembe nyekundu kwa nguvu inayozidi ile ya oksijeni zaidi ya mara mia mbili, hata damu ikakosa nafasi ya kuibeba oksijeni. Mtu huumwa kichwa, huona kizunguzungu, hutapika, hulegea na kusinzia. Aliyekwisha kulala hazioni dalili hizo.

Dar es Salaam ni mji wa joto, na mwanachuo anaweza kusema kuwa hapa hakuna anayelala na jiko. Wako. Mvua za masika zikinyesha, jiko huingizwa chumbani kwa kuwa uani hakuna paa. Jiko zuri huogopewa kuibwa. Maharage ya asubuhi huachwa usiku juu ya makaa. Nanyi wanachuo hamtapangiwa Kariakoo wote. Wengine mtakwenda Makete, Lushoto na Mbeya, ambako watu huingiza jiko ndani kwa ajili ya baridi na kufunga kila mlango.

Watoto wajue mambo mawili kwa hakika. Jiko la mkaa lenye moto halilali ndani ya chumba cha watu, hata likionekana limezimika. Na mtu akikutwa amezidiwa chumbani penye jiko, milango ifunguliwe, atolewe nje penye hewa safi, mtu mzima aitwe na apelekwe hospitali mara moja. Igizeni jambo hili darasani. Mtoto mmoja awe mgonjwa, wengine watende. Mara ya kwanza watacheka; rudieni mpaka wasicheke.

Kuhusu wazazi

Mwalimu kijana huweza kulitia somo hili sumu kwa neno moja. Mtoto akirudi nyumbani na kusema, «Mama, mwalimu anasema unapika vibaya,» mama atakasirika, na atakuwa na haki. Amepika kwa jiko lile miaka kumi na mitano, na moshi ule anaujua kuliko mwalimu. Kazi ya nyumbani na itolewe kama swali la kumtaka mkubwa maarifa: «Mama, unajuaje kwamba mkaa huu ni mzuri kabla ya kuuwasha?» «Bibi, zamani mlikuwa mnakausha kuni wapi?» Majibu yatakayorudi huwa na thamani. Wapishi wengi watasema kwamba mkaa mzuri ukigongwa hulia kama chuma, nao ni mzito mkononi, na neno hilo ni sahihi kisayansi: ulioiva vizuri na kutoka katika mti mgumu hulia hivyo.

Vema zaidi, mwalikeni mama lishe mmoja wa jirani na shule, au fundi bati, aje kuonyesha. Apokewe kwa shikamoo na kiti kama mgeni yeyote wa shule, na mwalimu akae upande wa wanafunzi, aulize maswali. Mkiona jambo ambalo sayansi inalipinga, lipimwe pamoja naye kwa sufuria na mizani, siku ile ile, bila kumwaibisha. Pengine mtakuta yeye ndiye mwenye haki.

Jambo jingine la kuangalia ni mgawanyo wa kazi. Katika masomo mengi ya namna hii wasichana huwasha jiko na wavulana hushika mizani na kalamu. Pindueni. Mvulana asiyejua kuondoa jivu atakuwa baba asiyejua kwa nini mke wake anakohoa.

Tahadhari

Maonyesho ya moto yafanywe nje, mbali na paa na nguo za kuanikwa, ndoo ya mchanga ikiwa karibu, na watoto wasizidi kumi kulizunguka jiko moja. Wengine wafanye hesabu wakingoja zamu. Watoto wa Kariakoo hawahitaji hotuba juu ya ukali wa moto. Soko lao kuu, lililosanifiwa na Beda Amuli na kufunguliwa mwaka 1975, liliungua usiku wa tarehe 10 Julai 2021, na wengi wamesikia habari za usiku huo kwa wazazi waliopoteza mali.

Mtoto akiungua, mahali palipoungua pamwagiwe maji baridi yanayotiririka kwa dakika 20. Kisipakwe kitu, si dawa ya meno, si siagi, si yai. Msaidizi mmoja apewe kazi ya kulichunga jiko mpaka mwisho wa kipindi. Jivu na makaa yaliyobaki yamwagiwe maji na kukorogwa kwa kijiti mpaka pasiwe na mvuke, kisha yaachwe katika ndoo ya chuma hadi kesho yake ndipo yatupwe. Pipa la taka la shule limejaa karatasi.